Ushuru wa Forodha na Marobota ya Pamba



Katika matawi husikika neno moja: ushuru ndio uliotuua. Wengine wasema kinyume, kwamba nchi haipati viwanda pasipo kutoza ushuru vitu vya wageni, na mfano wao ni Marekani. Maadamu Marekani imetajwa, na tuitazame kwa hesabu zake, kwani habari ile yawahusu sana watu wanaouza zao moja ng'ambo.

Aliyeishika mapema hoja ya viwanda ni Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha (naye mzaliwa wa kisiwa, Nevis, kisiwa cha miwa), katika taarifa aliyoipeleka Bungeni mwaka 1791. Lakini ushuru wa kulinda hasa ulikuja mwaka 1816, baada ya vita na Uingereza, zilipotozwa nguo za pamba na za sufu 25 kwa mia. Viwanda vya Massachusetts, kwanza Waltham kisha Lowell, vikanawiri. Pennsylvania ikapata kinga ya chuma chake, Kentucky ya katani, Louisiana ya sukari.

South Carolina haikupata kitu. Yenyewe ililima pamba, na nyingi ilikwenda Liverpool kuuzwa kwa bei ya dunia isiyolindwa na mtu. Fedha iliporudi ikanunua shoka, blanketi na nguo kwa bei iliyopandishwa na ushuru. Tena Mwingereza aliyezuiwa kuuza nguo zake Marekani alipungukiwa na uwezo wa kununua pamba yao. Mkulima akabanwa mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Mwaka 1828 ushuru ulipandishwa tena, kwa kura 105 dhidi ya 94 katika Baraza la Wawakilishi, na watu wa Kusini wakauita ushuru wa machukizo. George McDuffie alidai kuwa katika kila marobota 100 ya pamba, 40 huliwa na ushuru. Hesabu ile, kwa maoni yetu, ilizidi kiasi, lakini ilishika vichwani mwa watu. Tarehe 24 Novemba 1832 South Carolina ikatangaza kuwa sheria zile ni batili mipakani mwake. Rais Andrew Jackson akataka idhini ya kutumia jeshi, Henry Clay akaleta suluhu, na tarehe 2 Machi 1833 yote mawili yakatiwa sahihi: idhini ya nguvu, na ushuru kushushwa pole pole hadi 20 kwa mia ifikapo 1842.

Sisi twaona wenye mashamba wale walikuwa na haki katika jambo la ushuru, ingawa vinywa vyao havikuwa safi. Waliolima pamba ni watumwa, nao hawakuulizwa na upande wo wote. (Wala visiwani kwetu tusijifanye hatuijui habari hiyo.) Lakini lilikuwapo neno ambalo wenye mashamba hawakupenda kulisema. Bei ya pamba ilianguka tangu 1819, na sababu moja kubwa haikuwa forodhani: ardhi mpya ya Alabama na Mississippi ilitoa pamba nyingi kwa gharama ndogo, na ardhi ya Carolina ilikwisha choka. Kushusha ushuru hakukuirudishia rutuba. Anayekumbuka jinsi Indonesia ilivyokuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu, kisha ikapanda yake, hahitaji maelezo zaidi.

Mwaka huo huo wa 1833, mwezi wa Septemba, Seyyid Said alifanya mkataba na Marekani, na ushuru wa bidhaa zao ukawekwa 5 kwa mia tu. Nguo za Massachusetts zikajaa Unguja, ndizo zilizoitwa merekani, na meli zikarudi na pembe, sandarusi na karafuu. Hivyo kiwanda kilicholindwa kwao kwa ushuru mkubwa kikaingia kwetu kwa ushuru mdogo.

Basi kabla ya mkutano mkuu, twaomba kila tawi lituletee hesabu mbili, zisichanganywe: kwanza, vitu tunavyonunua vimepanda kiasi gani kwa sababu ya ushuru, pili, bei ya karafuu imeshuka kiasi gani, na ni nani mwingine anayeuza karafuu soko lile lile. Ziandikwe kwa wino, na makatibu wa matawi watie sahihi.