Ishara Katika Viumbe: Tundu Katika Gamba la Kombe



Ndugu zetu wa Mpapura washukapo pwani ya Msimbati wakati wa bamvua, maji yakiisha kutoka, huona magamba ya kombe mchangani. Mengine yana tundu dogo la mviringo, kana kwamba limetobolewa kwa keke ya seremala. Hiyo si kazi ya mwanadamu wala ya mawimbi. Ni kazi ya konokono wa baharini ajifichaye mchangani. Humkumbatia kombe kwa mguu wake, hulainisha gamba kwa tindikali itokayo mwilini mwake, kisha hulikwangua kwa ulimi wenye meno. Hana haraka: katika aina zilizopimwa, hupenya takriban nusu milimita kwa siku. Akiisha kupenya, humla kombe ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kinga ya kombe ni unene wa gamba, lakini unene una gharama. Gamba ni chokaa, na kombe huipata katika maji. Katika bahari ya joto kama yetu, digrii 10 kusini ya Ikweta, kulijenga ni kwepesi. Katika bahari ya baridi huhitaji nguvu nyingi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa magamba hupungua unene kadiri tuelekeavyo ncha za dunia. Tena huko kusini kabisa, kaa na samaki wavunjao magamba ni haba. Ama matundu ya konokono, hesabu zake hutofautiana pwani kwa pwani. Haziongezeki daima kuelekea Ikweta.

Miongoni mwa waliotufungulia elimu hii ni Geerat Vermeij, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1946, naye ni kipofu tangu utotoni. Kwa vidole vyake alitambua kuwa magamba ya bahari za joto yamejihami zaidi. Yeye hana macho, akaona. Sisi tunayo, nasi twayakanyaga.

Enyi wazazi, zingatieni. Konokono haji kwa kishindo, na kombe hangoji siku ya kushambuliwa ndipo ajenge gamba. Hulijenga tangu udogoni, tabaka juu ya tabaka. Upotevu nao huwatoboa vijana wetu polepole, nyumbani mwetu, nasi tumekaa. Sala, elimu na adabu zianze mapema, kila siku kidogo.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.