Steringi ni Nani?

Wiki mbili baada ya mitihani, chumba chetu cha hosteli kiligeuka banda la video. Wengine walishaondoka kwenda makwao. Sisi wanne tulibaki kwa sababu mbalimbali: mmoja anasubiri nauli, wawili wanasubiri matokeo ya somo walilolia nalo mwaka mzima, na mimi nilikuwa nasubiri mvua ipungue njiani, au ndivyo nilivyomwambia mama. Tulikuwa na laptop moja, spika moja inayokoroma, na flashi ya jirani ambayo ndani yake kuna kila kitu isipokuwa notsi. Tukaangalia muvi za zamani na mpya bila mpangilio wowote. Haya ninayoandika ni maoni ya mtazamaji tu. Nasoma uhasibu, mambo ya sanaa za maonyesho nayasikia kwa majirani.

Kwanza kuna swali linaloniudhi. Kila flashi ikichomekwa, lazima mtu aulize, "Hiyo ni ya lini?" Ukimjibu 1975, nusu ya chumba wanashika simu zao. Ukimjibu ya mwaka huu, wote wanasogea karibu hata kama ni takataka. Mimi nimekulia kwenye mabanda umiza, yale ya kulipa sarafu mlangoni na kubanana kwenye benchi. Kule sikumbuki mtu akiuliza muvi ni ya lini. Ukichelewa kuingia ulikuwa unamgusa aliye karibu na kumwuliza kitu kimoja: "Steringi yupi?" Ukishaonyeshwa, umetulia. Unajua wa kumwombea na unajua wa kumzomea, na unajua kwamba hata wakimmiminia risasi atanyanyuka, maana steringi hafi. Nimekuja kuona kwamba swali la bandani lilikuwa na akili kuliko hili la hosteli.

Tukaanza na Sholay, ya Kihindi, mwaka 1975, ndefu kupita saa tatu. Baba yangu anasema aliiona Tanga akiwa kijana na mpaka leo anaigiza kicheko cha Gabbar Singh akiwa ananyoa ndevu. Nilidhani tutaishia nusu. Wapi! Tulibishana mpaka mwisho. Kuna Jai, Amitabh Bachchan, mpole mwenye sarafu yake ya ujanja. Kuna Veeru, Dharmendra, mwenye maneno mengi na mapenzi. Halafu kuna Thakur, aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar, ndiye anayewakodi hao wawili ili kisasi chake kilipwe. Steringi yupi hapo? Mwenzangu wa kitanda cha juu akasema bila kufikiri, Jai. Jai alipokufa, akakaa kimya kama kafiwa, kisha akadai eti basi steringi alikuwa Veeru tangu mwanzo. Huo sasa ni utaratibu gani? Steringi habadilishwi kwa sababu amekufa. Maoni yangu: nyimbo ni ndefu, lakini yule mzee asiye na mikono ndiye mwenye muvi, wengine wote wanafanya kazi yake.

Usiku wa pili ilikuwa Nairobi Half Life ya 2012. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza muvi huku akiigizia wateja vipande vyake barabarani. Anaenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ileile ya kwanza, na kabla hujakaa vizuri yuko mahabusu. Akitoka anaingia kwenye genge, huku upande wa pili anafanya mazoezi ya mchezo jukwaani. Kiswahili chao kina Sheng nyingi, kuna mahali tulirudisha nyuma mara tatu, lakini tulicheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Hapa steringi ni mwizi, na hakuna aliyekataa. Mtu akiibiwa simu huku stendi tunataka mwizi achomwe moto. Tukikaa saa moja na nusu na mwizi huyohuyo, tukijua njaa yake na ndoto yake, tunaomba polisi wasimwone. Joseph Wairimu alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban kwa kazi ile, na mimi nasema alistahili.

Kisha Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji, 2021. Wale wa HKL mnaijua kwa jina la Adam Shafi, mmekariri dhamira na wahusika wake kwa ajili ya kidato cha sita. Chumbani tulikuwa na mmoja wa namna hiyo na alitusumbua kweli: "Kwenye kitabu haiko hivyo." Ni kweli, mengi yameachwa. Riwaya ina watu na safari nyingi, filamu imechagua kukaa na Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, na Denge anayepambana na Mwingereza katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Wana wakalalamika kwamba inaenda polepole na kuna giza. Mimi niliipenda kwa sababu ya upole huohuo. Na jambo moja lilinigusa: tulikuwa watu wanne mbele ya skrini na hakuna aliyesoma maandishi ya chini. Kiswahili kinasemwa, unakipata kama kilivyo. Yule wa HKL alisema shuleni waliandika insha kwamba mhusika mkuu ni Denge kwa sababu ndiye mwanaharakati. Baada ya muvi akakubali kwamba labda walimwonea Yasmin. Kumbe unaweza kupata alama nzuri na bado ukawa umemkosa steringi.

Sasa nifike kwenye ile iliyonifanya niandike. Kama hujaiona na hutaki kuambiwa mwisho, ruka aya mbili.

Inaitwa La Noire de..., ya Ousmane Sembène wa Senegal, 1966. Nyeusi na nyeupe, Kifaransa, maandishi ya Kiingereza chini, urefu wake kama saa moja. Tuliiweka kwa sababu ilikuwa fupi na umeme ulikuwa unatishia kukatika. Diouana ni binti wa Dakar anayepata kazi ya kulea watoto kwa familia ya Wafaransa. Wanamchukua mpaka kwao Antibes, kusini mwa Ufaransa. Yeye anadhani anaenda kuona dunia. Akifika, watoto hawapo, kuna kupika, kufua na kusugua bafu. Anavaa gauni lake zuri na viatu vya kisigino kufanyia usafi, anaambiwa avue viatu. Mgeni anambusu kwa nguvu mezani, eti hajawahi kumbusu mwanamke mweusi, wenzake wanacheka. Barua inakuja kutoka kwa mama yake, mwajiri anaanza kuandika majibu kwa niaba yake bila kumwuliza anataka kusema nini. Diouana haongei sana na watu wa nyumba ile. Tunachosikia ni sauti ya ndani, mawazo yake. Mwisho wake anajiua ndani ya bafu alilokuwa akilisugua. Steringi amekufa, na dunia ya nyumba ile inataka kuendelea.

Kuna kitu ambacho tuliking'amua baadaye tukiwa tunabishana. Wale waajiri hawana majina. Ni Madame na Monsieur tu. Mwenye jina ni dada wa kazi.

Kwetu ilikuwa kinyume. Nilipokuwa darasa la pili mpaka la sita tulikuwa na dada aliyetoka Iringa. Jina lake la kwanza nalijua ila sitaliandika, sijamwomba ruhusa. La pili silijui. Alinipeleka shule kwa mkono miaka minne na ubini wake siujui. Hakupigwa nyumbani kwetu, wala hakunyimwa chakula, na najua wapo waliofanyiwa hayo hapa nchini na wapo wanaofanyiwa huko Uarabuni wanakokwenda mabinti wa umri wetu. Lakini nakumbuka namna alivyokuwa anaangalia TV. Sisi tumekaa kwenye makochi, yeye amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Yakija matangazo anakimbia kugeuza chapati. Akirudi ananiuliza mimi mtoto, "Steringi yupi sasa?" Mimi namwonyesha kwa kidole. Hakuna aliyemwambia asikae, na hakuna aliyemwambia akae.

Niliwaeleza wenzangu hilo na nikafikiri naungama peke yangu. Yule wa kitanda cha juu, ambaye Sholay ilimvunja moyo, alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mama yangu alifanya kazi hiyo Dar kabla ya kuolewa. Nyumba tatu." Tumelala chumba kimoja miaka miwili, tumekopeshana mpaka sabuni, na sikujua. Ameniruhusu niandike. Akaendelea kusema kwamba mama yake mpaka leo akiingia sebule ya mtu hakai mpaka aambiwe mara mbili, na kwamba yeye akiwa mdogo aliona aibu, alidhani ni ushamba. Tulizungumza mpaka saa nane usiku. Laptop ilishazimika zamani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Muvi ya 1966 iliijua nyumba yetu kuliko muvi yoyote mpya niliyoona mwaka huu, kwa hiyo swali la "ya lini" tuliache kwa wauza mitumba. Tuulize steringi ni nani, na tuongeze lingine: ni nani aliyesimama mlangoni? Sisemi kila muvi iwe ya huzuni. Napenda magari yakilipuka kama nyie. Ila ukizoea kuona steringi wa aina moja tu, mwenye bunduki au mwenye pesa, unaanza kuwapanga na watu wa mtaani kwako hivyohivyo. Mimi niliwapanga hivyo nikiwa na miaka nane.

La pili ni ombi kwa viongozi wetu. Ukumbi wa TV ni wa mpira, na mimi mwenyewe ni mtu wa mpira, sitaki vita. Lakini Ijumaa jioni mara nyingi unakuwa mtupu, watu wanaegesha ndoo za maji humo. Tupewe Ijumaa moja kila wiki mbili. Projekta ya chama ipo, huwa inatolewa wakati wa kampeni tu. Tuanze na Supa Modo ya Kenya, 2018, ambamo kijiji kizima kinamtengenezea mtoto mgonjwa muvi yake ili naye awe shujaa. Hairefuki, na Kiswahili kimo. Muhimu taa zikiwashwa tusikimbilie milo, tukae nusu saa tubishane. Ningeiangalia La Noire de... peke yangu kwenye simu, ningesikitika kidogo na kulala. Ni kwa sababu tulikuwa wanne ndiyo nikamjua mwenzangu.

Mimi nilimpigia mama kesho yake, nikamwuliza jina la pili la yule dada. Akasema, "Kwani kuna nini?" Nikasema hakuna. Akafikiri, akasema ngoja amwulize shangazi ndiye aliyemleta. Juzi shangazi amenitumia jina kamili na namba ya simu, eti sasa ana genge la mboga na watoto wawili. Sijapiga bado. Kila nikishika simu sijui nianze na nini.