Nuru Isiyounguza Isipewe Jina la Kutisha

Wakazi wa Dunga, kando ya mji wa Kisumu, hawahitaji kufundishwa thamani ya nuru, kwani wavuvi wa ziwa hili huwavuta dagaa, yaani omena, kwa taa za usiku. Lakini maji yayo hayo yanayowapa riziki huwapa kichocho pia. Viluwiluwi wa mnyoo huyo hutoka katika konokono na kupenya ngozi ya avuaye, achotaye maji na aoshaye gari ziwani.

Kwa miaka mingi ugonjwa huu umetafutwa kwa hadubini, kwa kuhesabu mayai yaliyomo kinyesini. Njia hiyo ni nafuu, ila mwenye minyoo michache aghalabu hupita bila kugunduliwa. Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walipobuni kipimo kingine, ambacho kimekwisha kujaribiwa hata Zanzibar. Mnyoo aliye hai hutoa dutu inayoingia katika damu, kisha katika mkojo. Dutu hiyo hunaswa na chembe ndogo mno zenye madini adimu, kama iterbiamu na erbiamu. Zikimulikwa kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, chembe hizo hutoa mwanga wa kijani.

Hapa pana ajabu. Kwa kawaida kitu king'aacho namna hii hupokea mwanga wenye nguvu, mathalani urujuanimno, kikatoa ulio dhaifu zaidi. Chembe hizi hufanya kinyume: hukusanya mwanga dhaifu mara mbili au zaidi, zikatoa ulio na nguvu. Faida yake ni mbili. Kwanza, infraredi haiziumizi seli hai kama urujuanimno, nayo hupenya mwilini zaidi. Ndiyo maana wanasayansi wanazitumia chembe za aina hii kupiga picha za ndani ya wanyama wa maabara. Pili, damu na mkojo havina tabia hiyo, kwa hiyo king'aacho ni chembe peke yake.

Je, tuziiteje kwa Kiswahili? Mwanafunzi mwepesi atasema "chembe nururifu". La hasha! Unururifu ni istilahi iliyokwisha kutwaliwa na fizikia kwa maana ya mionzi itokayo katika madini kama urani. Mvuvi akiambiwa kwamba mkojo wake utapimwa kwa chembe nururifu atakimbia, wala hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Kumbe chembe hizi hazina mionzi hiyo, na katika kipimo hiki hazimwingii mwilini kamwe. Hukutana na mkojo wake nje, juu ya kikaratasi. Mimi napendekeza "chembe geuzamwanga", jina linaloeleza kazi yake.

Wako watakaosema kwamba jina ni jambo dogo. Sikubaliani nao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mgonjwa huombwa ridhaa kabla ya kupimwa. Ridhaa ya mtu asiyeelewa alichoambiwa ni ridhaa gani? Hapo Dunga maelezo hayo yatahitaji kufika kwa Kidholuo pia, na mfasiri hawezi kufasiri vema neno lililopotoka tangu mwanzo.

Basi walimu wa sayansi na wa Kiswahili wakae meza moja. Wawape wanafunzi zoezi hili: mweleze mvuvi kipimo hiki kwa sentensi tano, bila kumtisha na bila kumficha lolote.