MPATANISHI SI WAKILI

Twapenda kuwakumbusha wanachama neno moja. Usuluhishi uliingizwa katika mashauri ya madai ya mahakama zetu mwaka 1994. Na tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata hayahukumu tena ugomvi wa ardhi, hupatanisha tu. Nasi makarani, kutoka Feri hata Kariakoo, majirani hutujia tuwapatanishe, kwa kuwa twajua kalamu. Ni heshima. Lakini wakili ni wa mtu mmoja; mpatanishi ni wa wote wawili, naye huambiwa siri za kila upande. Basi mapatano yakivunjika, asikubali kumwandikia mmoja wa wagomvi hati ya madai, hata kwa ada nzuri. Akifanya hivyo, ameuza siri za yule wa pili. Hapo nani atatujia tena?