Chapati si ya sikukuu peke yake

 Mara nyingi hapa Nakivale tunaandika juu ya karatasi, shule, na wale waliopata safari ya ng'ambo. Leo tunaandika juu ya chapati. Msicheke kwanza. Tangu mgao upungue, swali la "leo tunapika nini, na kwa makaa gani" ndilo linaloamua kama mtoto atakwenda shule au atatumwa kutafuta kuni. Kwa hiyo mambo ya jikoni ni mambo ya masomo pia, na ya usalama wa dada zetu.

Msimamo wetu ni huu: chapati tumeifanya chakula cha Krismasi, Idi na ubatizo, kumbe kule ilikotoka ni chakula cha kila siku cha mtu wa kawaida. Kwetu imekuwa ya sikukuu kwa sababu ya mafuta mengi na kazi ndefu. Tukijifunza kuipika kavu, kama inavyopikwa katika nyumba nyingi za India, itaingia kwenye wiki yetu ya kawaida bila kutumaliza.

Tuanze na hiyo tunayoijua. Unatia mafuta kwenye unga, unakanda, unasukuma, unapaka mafuta, unakunja kama konokono, unasukuma tena, halafu unakaanga kwa mafuta pande zote mbili. Tamu, hatukatai. Lakini Mhindi akiiona atakuambia hiyo ni ndugu wa paratha. Ya kila siku kwao, hasa kaskazini, huitwa roti, na ile nyembamba inayoumuka huitwa phulka. Ni unga wa ngano usiokobolewa, ambao wao huuita atta, na maji. Wengine wanaongeza chumvi, wengine hata chumvi hawatii. Kikaango hakipakwi kitu.

Ilifikaje huku? Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa pwani ya Afrika Mashariki tangu zamani. Halafu kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu, wakaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao wakiwa watu wa Punjab, nchi ya ngano. Wengi walirudi kwao mkataba ulipoisha, lakini maelfu walibaki, na wenye maduka wakaifuata reli mpaka ndani ya Uganda. Chakula chao kikaingia majikoni mwetu na neno lake likaingia kwenye Kiswahili.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo sisi wakimbizi tunapaswa kuijua zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Maelfu kwa maelfu waliacha nyumba, maduka na makaburi ya wazazi wao. Waliokwenda Uingereza wengi walipokelewa kwanza kwenye kambi zilizokuwa za jeshi, wakapanga foleni ya chakula na blanketi kama sisi. Yaani watu walioleta chapati Uganda nao walipata kuwa wakimbizi. Wao walifukuzwa, chapati ikabaki, na leo ukienda popote nchini hapa utaikuta barabarani imekunjwa na mayai ikiitwa rolex. Basi mtu asituambie kwamba chakula fulani si cha watu kama sisi.

Sasa tuingie jikoni. Kwa watu wanne, chukueni vikombe 2 vya unga wa ngano na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Tieni maji ya uvuguvugu, kama robo tatu ya kikombe, kidogo kidogo. Unga usiokobolewa unakunywa maji zaidi kuliko unga mweupe, kwa hiyo fuateni mkono wenu, msifuate kikombe. Kandeni dakika 8 hivi mpaka donge liwe laini lisilonata. Lifunikeni kwa kitambaa kibichi, mliache dakika 20. Hapo wengi wanakosa subira. Ule muda si wa bure: unga unaendelea kunywa maji na kulegea, ndiyo maana baadaye ukiusukuma haujikunji kurudi nyuma.

Gawanyeni madonge 8. Kama hakuna mti wa kusukumia, chupa ya soda iliyooshwa inatosha. Sukumeni nyembamba, na zaidi ya hapo, unene uwe sawa katikati na pembeni. Duara si lazima. Ikitokea kama ramani ya Kongo italiwa tu.

Kikaango kiwe kikavu na kipate moto kweli. Tone la maji likidondoka juu yake liruke na kupotea. Wekeni chapati. Baada ya kama nusu dakika vitatokea vipovu vidogo, geuzeni. Upande wa pili uacheni muda kidogo zaidi, mpaka madoa ya kahawia yatokee. Geuzeni tena, halafu bonyezeni pembeni taratibu kwa kitambaa kilichokunjwa. Maji yaliyomo ndani yamegeuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, haupati, basi unaisukuma chapati inavimba kama mpira. Ikiwa imetoboka mahali, mvuke utatorokea hapo, haitavimba, lakini imeiva. Wenye gesi huimalizia moja kwa moja juu ya moto. Sisi wa sigiri tunaweka kipande cha wavu juu ya makaa, sekunde chache, tunatoa. Kila inayoiva inaingia kwenye kitambaa ndani ya sufuria yenye kifuniko, zikae laini kwa mvuke wake zenyewe. Msiziache wazi, zitakauka kama kadibodi halafu mseme sisi ni waongo.

Hesabu yake tumeiona nyumbani kwetu. Chapati moja ni kama dakika 2 motoni. Zote 8 zinaisha ndani ya dakika 20, hata chini ya hapo mkono ukizoea. Inataka makaa yaliyoshika vizuri, haitaki makaa mengi, na yale yaliyoivisha mboga yanaweza kuimalizia. Mafuta mliyopewa au mliyonunua yanabaki kwa ajili ya mboga, ambako yanahitajika zaidi. Na faida kubwa ni asubuhi. Ugali uliolala nani anaupenda? Chapati kavu iliyopikwa jioni na kufungwa vizuri mtoto anaila asubuhi bila mtu kuwasha moto. Anakwenda shule ameshiba kidogo, na hakuna aliyeamka saa kumi na moja kupuliza makaa.

Tunajua mtakachosema: unga wa ngano una bei, wa mahindi ni nafuu. Ni kweli. Hatusemi mwache ugali, au posho kama wanavyoita hapa. Tunasema Wahindi wenyewe hawali ngano peke yake. Punjab wana roti ya mahindi, chakula cha majira ya baridi, inaliwa na mboga ya majani ya haradali iliyopondwa. Sisi tuna sombe na lenga-lenga, tunakosa nini? Magharibi ya India wanapika roti za mtama na za uwele. Hizi zilikuwa chakula cha wakulima.

Ya mahindi inapikwa tofauti kidogo. Chemsheni maji, mwagieni unga maji ya moto, koroga kwa mwiko, subirini ipoe kiasi cha kushikika, kisha kandeni kwa kiganja ikiwa bado na joto. Mahindi hayavutiki kama ngano, ukisukuma kwa chupa inapasuka. Kwa hiyo wekeni donge kati ya vipande viwili vya mfuko wa nailoni uliosafishwa, mbonyeze kwa mkono mpaka iwe bapa, muitoe nailoni taratibu, na muipike kwenye kikaango kikavu kwa moto wa wastani. Haivimbi sana, lakini ina harufu nzuri na inashikika na mboga. Wenye ngano kidogo wachanganye nusu kwa nusu. Hiyo inasukumika vizuri kama mkono si wa haraka.

Sasa neno kwa wavulana, na sisi wengine tunaoandika haya ni wavulana. Piteni jioni Base Camp, au nendeni Mbarara mjini. Nani yuko nyuma ya lile bamba la chuma anakaanga chapati na rolex? Wengi ni vijana wa kiume, na wanajua kukanda unga kuliko mtu yeyote. Lakini kijana huyohuyo akifika nyumbani anakaa nje anasubiri dada yake apike. Kwani unga wa kuuza una jinsia tofauti na unga wa kula? Dada ndiye anayekwenda kutafuta kuni, ndiye anayegombezwa na wenyeji kwa ajili ya miti, ndiye anayechelewa kufanya kazi ya shule. Mapishi yasiyofika saa moja, pamoja na kusubiri unga upumzike, hayamshindi mvulana. Tunapendekeza kila nyumba siku mbili kwa wiki zipikwe na wavulana, na chapati kavu iwe somo la kwanza.

Kwenu ndugu wa mashirika tuna maneno matatu.

La kwanza, mnapopanga chakula, pangeni na moto wake. Maharage makavu ni chakula kizuri, lakini yanakula makaa kwa saa nyingi. Familia inayouza sehemu ya maharage ili inunue makaa haijawa na tamaa. Imefanya hesabu ambayo ninyi hamkuifanya.

La pili, mafunzo yafanane na majiko yetu. Kuna mafunzo ya mapishi yaliyowahi kufika kwetu ambapo mwalimu alikuja na oveni ya umeme. Tulionja keki, tulipigwa picha, tukapewa cheti, kisha tukarudi nyumbani kwenye mafiga. Sigiri nzuri, kikaango kizito na mfuko wa unga vingeanzisha biashara ya kijana mmoja wiki hiyohiyo. Na walimu mnao humuhumu: mama Mkongomani, mama Mrundi, mama Msomali ambaye sabaayad yake ni jirani wa karibu wa paratha. Waulizeni.

La tatu ndilo zito. Chapati kavu haiwezi kuziba pengo la mgao. Tangu 2023 hapa Uganda tumegawanywa katika makundi; wengine wanapata kidogo, na wengine hawapati kabisa kwa maelezo kwamba wanaweza kujitegemea. Tusije tukasoma kwenye ripoti kwamba vijana wa Nakivale wamebuni njia ya kula bila mafuta, kwa hiyo mafuta si lazima. Kubana matumizi ni akili ya mwenye shida, na isigeuzwe kuwa sababu ya kumwongezea shida. Mtoto anahitaji maharage, mboga na mafuta pembeni ya hiyo chapati. Sisi tutafanya sehemu yetu jikoni, na ninyi fanyeni yenu kule mnakokaa na wafadhili.

Kule Amritsar, Punjab, kuna hekalu kubwa la Masingasinga linaloitwa Hekalu la Dhahabu. Jiko lake linalisha makumi ya maelfu ya watu kila siku bure, roti na dengu. Wote wanakaa chini kwa mstari, tajiri na maskini, na hakuna anayeulizwa dini yake wala kadi yake. Wanaosukuma roti wengi ni watu wa kujitolea. Anayekula leo kesho anaweza kukaa na kusukuma. Hatusemi kambi iwe hekalu. Tunasema chakula cha msaada kinaweza kutolewa kwa namna ambayo mlaji naye ana mkono ndani yake, na heshima yake haibaki mlangoni.

Basi Jumamosi hii, mwenye vikombe 2 vya unga ajaribu. Wavulana, shikeni chupa. Dada zetu, kaeni mbali na jiko kwa saa moja, fungueni daftari, na msije kusahihisha. Halafu mtuambie ngapi zilivimba.