Mpaka wa Bahari na Haki ya Mvuvi

Tarehe 4 Machi 2024 Somalia iliwasilisha hati zake mjini Arusha, ikawa mwanachama kamili wa nane wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ombi lake lilikuwa mezani tangu mwaka 2012. Sisi watu wa visiwa tumeipokea habari hiyo kwa furaha, kwani Barawa, Marka na Mogadishu si majina mageni kwetu. Bandari hizo zilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1905, Italia ilipozinunua kama inunuavyo shehena, na wenyeji wasiulizwe neno. Na katika visiwa vya karibu na Kismayu wamo Wabajuni, ndugu wa damu wa Wabajuni wa Lamu.

Hata hivyo, furaha isitufumbe macho. Somalia imeingia katika Jumuiya ikiwa na shauri la mpaka wa bahari baina yake na Kenya. Kenya ilishikilia kuwa mstari uelekee mashariki moja kwa moja. Somalia ikashikilia kuwa uendelee kusini mashariki, kama uendavyo mpaka wa nchi kavu. Baina ya madai hayo mawili pana bahari ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Somalia ilifungua kesi mwaka 2014, na tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikachora mstari ulioipa Somalia sehemu kubwa ya eneo hilo. Kenya ikatangaza kuwa haiutambui uamuzi huo.

Wapo wanaosema shauri hili lisiguswe, udugu wa Jumuiya utalimaliza wenyewe. Hatukubaliani nao. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977 kwa sababu ya mambo yaliyoachwa bila ya kusuluhishwa. Mkataba wa mwaka 1999, katika Ibara ya 6, unataja ujirani mwema na usuluhishi wa migogoro kwa njia ya amani kuwa ni misingi ya Jumuiya. Wala suluhu si ngeni kwa nchi hizi mbili: mwezi Oktoba 1967, hapo hapo Arusha, Kenya na Somalia zilipatana chini ya usuluhishi wa Rais Kaunda wa Zambia, baada ya miaka ya damu katika ardhi ya mpakani.

Tunao mfano wa karibu zaidi. Tanzania na Kenya zilipokubaliana juu ya mpaka wa bahari katika mkondo wa Pemba, kwa barua zilizobadilishwa kati ya Desemba 1975 na Julai 1976, hazikuishia kwenye kuchora mstari. Ziliafikiana pia kwamba wavuvi wadogo wa nchi zote mbili, wavuao kwa ajili ya riziki, waruhusiwe kuvua umbali wa maili 12 za bahari kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Mwaka mmoja baadaye Jumuiya ikavunjika, lakini mapatano hayo yakabaki. Wapemba waendao dago pwani ya Kenya wanajua thamani yake.

Hilo ndilo tunalotaka lifanywe baina ya Kiunga na Ras Kamboni. Kifungu cha namna hiyo kinaweza kuandikwa bila ya Kenya kukiri hukumu, wala Somalia kuacha hata shubiri moja ya iliyopewa na Mahakama. Mafuta na gesi vina mawakili wa kuvitetea. Mwenye mashua na jarife hana.

Tunajua hoja ya usalama, nayo ni nzito. Magaidi na wenye magendo hupita bahari hiyo hiyo. Lakini mvuvi aliyeandikishwa, ambaye chombo chake kina namba na nahodha wake anafahamika pande zote mbili, ni jicho la serikali baharini. Mvuvi anayefukuzwa kila upande hana sababu ya kumwambia askari alichokiona.

Wahenga wa Kiarabu walisema, jirani kabla ya nyumba. Somalia imekwisha kupewa chumba katika nyumba yetu. Mawaziri wa nchi mbili hizi sasa wakae, waanze na riziki ya mvuvi, kisha waendelee na mengine.