Mtoto Akililia Wembe

Tuna methali niliyoisikia tangu utotoni Mombasa: mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake, kama tulivyofunzwa, ni kwamba mkaidi aachwe ajikate ndipo ajue kuwa wembe una makali. Nimeisema mimi mwenyewe mara nyingi, tena kwa kicheko. Siku hizi siisemi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa msaidizi wa wauguzi nchini Uingereza, katika wodi ya vijana wenye maradhi ya akili, watoto wa miaka 13 hadi 17. Huko nimewakuta watoto wanaolilia wembe kwelikweli, si kwa methali, na sijamwona hata mmoja aliyekuwa akifanya ukaidi.

Nina ugomvi na neno moja. Waingereza husema mtoto wa namna hii “anatafuta kuangaliwa”. Sisi husema anadeka, anajitia, anataka watu wamwone. Lugha ni mbili, lakini hukumu ni moja: kwamba maumivu yake si ya kweli na dawa yake ni kupuuzwa. Neno hili nimelisikia vibarazani kwetu na nimelisikia vinywani mwa watu waliosomea kazi hii. Nasema ni neno la hatari, na wanaolitumia hulitumia kwa sababu linawapumzisha.

Kwanza msomaji aielewe kazi yetu. Msaidizi wa wauguzi si muuguzi. Hatoi dawa, hana usajili wa kitaaluma, na mshahara wake ni wa chini. Lakini ndiye anayekaa na mtoto. Anakula naye mezani, anacheza naye karata, anamsindikiza bustanini, anangoja nje ya mlango wa bafu. Daktari bingwa humwona mtoto mara moja au mbili kwa wiki. Sisi huwa naye saa 12 katika zamu moja.

Juu ya hayo tuna kazi iitwayo uangalizi. Mtoto anayehofiwa kujidhuru huangaliwa kwa kiwango alichopangiwa. Wako wanaoangaliwa mara 4 kwa saa. Wako wasioachwa na macho hata dakika moja. Na walio katika hatari kubwa zaidi huwa na mtu karibu, kiasi cha kuwafikia kwa mkono. Yule wa mara 4 kwa saa, ukipiga hesabu, huangaliwa mara 96 kwa siku, na kila mara lazima kuandikwe jambo kwenye fomu.

Sasa tazama ajabu hii. Mtoto anayeangaliwa mara 96 kwa siku ndiye huyo huyo anayelaumiwa kuwa anatafuta kuangaliwa! Je, amekosa nini basi?

Nitatoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Usiku mmoja nilikuwa na fomu za watoto 6. Binti mmoja wa miaka 15 alikuwa amegeukia ukutani, blanketi limemfika masikioni. Nilichungulia kwenye kidirisha cha mlango, nikaona blanketi linapanda na kushuka, nikaandika: amelala. Nikapita tena, nikaandika: amelala. Hivyo hivyo hadi alfajiri. Asubuhi nilipompelekea chai aliniuliza, “Usiku ulikuwa unaandika nini?” Nikamwambia. Akasema, “Sikulala hata kidogo. Nilikuwa nakungoja uingie.”

Wakati wa kukabidhiana zamu nilieleza kuwa binti huyu hakulala, na kwamba alikuwa akinisubiri. Mkuu wa zamu, ambaye si mtu mbaya na alikuwa amechoka kama mimi, alijibu bila kuinua macho: “Anatafuta kuangaliwa tu huyo.” Tukaendelea na mgonjwa mwingine. Nami nikanyamaza. Mimi nani, msaidizi tu, tena mgeni, nimbishie muuguzi? Usiku wa tatu binti yule alikimbizwa hospitali ya dharura. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini maneno aliyoniambia hayakuwamo katika faili lake. Lililokuwamo ni “amelala”, mstari baada ya mstari, kwa mwandiko wangu.

Kwetu pwani, mtu akiugua, twasema tunakwenda kumwangalia mgonjwa. Hatuna maana ya kuchungulia dirishani na kuondoka. Tunabisha hodi, tunaingia, tunaketi, tunauliza amelalaje, amekula nini. Asiyekwenda kumwangalia mgonjwa huonekana amekosa utu. Basi inakuwaje kwa maradhi haya peke yake, mgonjwa anayetaka kuangaliwa aonekane ndiye mwenye kosa?

Najua watakavyonijibu. Watasema kwamba ukimshughulikia kila anapojiumiza, unamfundisha kujiumiza tena. Hoja hii si ya kupuuzwa. Nimeona watoto ambao hawakuzungumzishwa kutwa nzima, kisha damu ilipoonekana wakaja watu wanne kwa mbio. Kweli mtoto hujifunza hapo. Lakini ni nani aliyemfundisha? Ni sisi, tuliomnyima dakika kumi za mazungumzo saa 4 asubuhi, tukampa saa nzima saa 4 usiku baada ya balaa. Hoja hiyo haitufundishi kumpuuza. Yatufundisha kumwendea mapema, kabla hajalazimika kutuita kwa mwili wake.

Na kupuuza hakuna usalama wowote. Wengi kwetu huamini kuwa anayejikata au anayesema atajiua hafanyi kweli. Si hivyo. Aliyewahi kujidhuru yumo hatarini ya kufa kwa mkono wake kuliko asiyewahi. Wala fomu haitatuokoa. Mwaka wa 2022 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, iliagiza kwamba mizani za alama zisitumiwe kubashiri nani atajiua au kujidhuru tena. Inataka mgonjwa azungumzwe naye, aelewe na aeleweke. Kwa maneno mengine, akaliwe naye kitako.

Wala tusiseme haya ni mambo ya Wazungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya kila 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili. Uingereza iliacha kumshtaki aliyejaribu kujiua tangu mwaka wa 1961. Kwetu Kenya ilikuwa hadi Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kifungu kilichomfanya mtu huyo kuwa mhalifu kinapingana na Katiba. Jaji ametamka lake. Vibarazani bado tunahukumu. Nilipokwenda likizo nikamsimulia shangazi yangu juu ya kazi yangu, alicheka akasema, “Hao wanadeka, mwanangu. Wangechota maji kisimani wangepona.” Nilimuuliza kama amemsahau kijana wa jirani tuliyemzika tukaambiana kuwa aliugua ghafla. Hakucheka tena.

Ninachodai si kikubwa. Neno hilo lisiandikwe katika faili la mtoto yeyote, na likisemwa katika kikao, mtu aulize: anatafuta kuangaliwa na nani, na kwa sababu gani? Msaidizi aliyekaa na mtoto aitwe katika kikao cha madaktari, na alichoambiwa kiandikwe. Watoto wasiletewe kila usiku sura mpya kutoka kwa mawakala wa ajira, kwani mtoto haambii siri yake mtu asiyemjua. Mwaka wa 2013 Camilla Cavendish alichunguza kazi ya wasaidizi huko Uingereza kwa niaba ya serikali, na kuanzia mwaka wa 2015 ikaletwa cheti ya mafunzo ya msingi kwa ajili yetu. Ni jambo jema. Lakini mafunzo yana faida gani ikiwa aliyefunzwa hasikilizwi?

Nami nimejitoza faini yangu. Tangu asubuhi ile siandiki “amelala” kwa kutazama blanketi. Nafungua mlango polepole, naita jina kwa sauti ya chini. Kama amelala, natoka kimya. Kama yu macho, naingia na kuketi hata kama ni dakika mbili tu, kisha naandika alichosema. Wenzangu wengine hulalamika kuwa nachelewesha duru. Ni kweli, nachelewesha.

Methali ile tuiache ipumzike. Mtoto akililia wembe, usimpe, wala usimfokee. Keti naye umwulize analia nini.